SOMO LETU: Pima Udongo Kabla ya Kununua Mbolea – Tujue Asidi, Alkali na Namba ya pH



Mama mmoja wa kikundi chetu hapa Gatuanyaga alikuja mkutanoni akiwa ameshika mche wa mahindi. Majani yalikuwa na rangi ya zambarau pembeni. Mizizi ilikuwa mifupi na minene, kama vidole vilivyokatwa. Akatuambia, "Naweka DAP kila msimu, sijakosa hata mmoja. Na kila mwaka magunia yanapungua. Sasa karo nitaitoa wapi?"

Mzee mmoja akamjibu, "Ongeza DAP, mama." Mwingine akasema, "Hapana, mwaga chokaa." Wa tatu akasema majivu yanatosha. Kila mtu alikuwa na dawa, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepima ugonjwa.

Ndiyo maana tumeandika somo hili. Wazazi watalitumia shambani, na watoto walio shuleni watalitumia katika kemia, kwa sababu jambo ni lile lile. Wale waliosoma kemia zamani wakaambiwa tu "saba ni katikati, kariri hivyo", leo tutaona hiyo saba imetoka wapi.

1. ASIDI NA ALKALI NI NINI?

Asidi tunazijua kwa ulimi. Ndimu ni chachu, siki ni chachu, maziwa lala ni machachu. Uchachu huo ni asidi. Hata tumboni mwetu kuna asidi kali inayosaidia kusaga chakula, na ikipanda juu ndipo tunasikia kiungulia.

Alkali iko upande wa pili. Ukishika sabuni ya kipande yenye maji, au maji yaliyochujwa kwenye majivu, unasikia utelezi kwenye vidole. Magadi tunayotia kwenye githeri ili maharagwe yaive haraka ni alkali. Yanatoka Ziwa Magadi, kusini mwa nchi yetu, ambako jua hukausha maji na kuacha magadi meupe kama barafu. (Tahadhari ya jikoni: magadi yakizidi huharibu baadhi ya vitamini za chakula, kwa hivyo tia kidogo tu.)

Asidi na alkali zikikutana kwa kiasi kinachofaa, kila moja huua nguvu ya mwenzake. Kinachobaki ni maji na chumvi. Sisi wa upande huu hatuna sababu ya kusahau jambo hilo, maana jirani zetu wako Munyu, na munyu kwa Kikuyu ni chumvi.

Lakini jamani, usionje kila kitu ili kujua kama ni asidi! Maji ya betri ya gari ni asidi inayochoma ngozi na macho. Ndiyo sababu watu walitafuta njia nyingine ya kupima.

2. KUPIMA KWA RANGI

Njia ya zamani ni karatasi ya litmasi. Rangi yake hutoka kwenye vimea vidogo vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti. Kanuni yake ni rahisi:

– Litmasi ya buluu ikiingia kwenye asidi inakuwa nyekundu.
– Litmasi nyekundu ikiingia kwenye alkali inakuwa buluu.
– Zote mbili zisipobadilika, kitu hicho kiko katikati.

Hata nyumbani unaweza kujaribu. Katakata kabeji ya rangi ya zambarau, mwagia maji ya moto, acha ikae, kisha chuja. Weka maji hayo kwenye vikombe viwili. Kimoja tia ndimu, kingine tia magadi kidogo. Cha ndimu kitakuwa chekundu, cha magadi kitageuka buluu au kijani. Watoto hulipenda jaribio hili, na halina gharama.

Shida ya litmasi ni kwamba inakuambia upande tu, haikuambii kiasi. Ni kama mtu kukuambia Thika iko upande ule, bila kukuambia ni kilomita ngapi. Mkulima anataka kujua kiasi, na kwa hilo tunahitaji namba.

3. NAMBA YA pH IMETOKA WAPI?

Mwaka wa 1909 mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, alileta namba hii. Alikuwa mkuu wa maabara ya kemia ya Carlsberg huko Copenhagen. Ndiyo, Carlsberg wanaotengeneza bia. Wapika bia walitaka kujua asidi iliyomo kwa uhakika, na namba aliyoleta sasa inatumika hospitalini, mashambani na kwenye maji ya kunywa.

Kinachopimwa ni haidrojeni ya asidi, yaani chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme ambazo wanakemia huziita ayoni za haidrojeni. Kadiri chembe hizo zilivyo nyingi kwenye lita moja ya maji, ndivyo asidi ilivyo kali.

Tuchukue mfano wa boza, yale malori ya maji tunayoyaona barabarani wakati wa kiangazi. Tuseme boza moja linabeba lita 10,000.

– Maji safi kabisa, ya pH 7: gramu 1 ya haidrojeni ya asidi imo katika lita 10,000,000. Hayo ni maboza 1,000! Hesabu sifuri za 10,000,000. Ni saba. Ndiyo hiyo saba.
– pH 6: gramu 1 katika lita 1,000,000, maboza 100. Sifuri sita.
– pH 5: gramu 1 katika lita 100,000, maboza 10. Sifuri tano.
– pH 4: gramu 1 katika lita 10,000, boza 1. Sifuri nne.
– pH 2, karibu na maji ya ndimu: gramu 1 katika lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20. Sifuri mbili.

Kwa hivyo pH ni hesabu ya sifuri. Wanafunzi wa sekondari wataambiwa ni logarithimu. Wasiogope neno hilo, ni hesabu hii hii.

Hapa kuna mambo mawili ambayo wengi hukosea, hata kwenye mtihani:

Kwanza, namba ikishuka, asidi inapanda. pH 4 ni asidi kali kuliko pH 6. Sababu sasa unaijua: haidrojeni ile ile imo katika maji machache zaidi.

Pili, hatua moja si kitu kidogo. Ukitoka pH 6 kwenda pH 5, asidi imeongezeka mara 10. Ukitoka 6 kwenda 4, ni mara 100. Ukitoka 7 kwenda 4, ni mara 1,000. Kwa hivyo mtu asikuambie, "Shamba lako ni tano, langu ni sita, tofauti ni moja tu." Hiyo moja ni mara kumi.

Kipimo cha kawaida huanzia 0 hadi 14. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali. Hivi ni baadhi ya vitu tunavyovijua, kwa makadirio:

– Asidi ya betri: 1 au chini yake
– Ndimu: 2 hivi
– Siki: karibu 3
– Maziwa lala: 4 na kidogo
– Kahawa isiyo na maziwa: 5 hivi
– Maji ya mvua: 5.6 hivi, kwa sababu hewa ya kaboni huingia ndani yake
– Maziwa freshi: 6.6 hivi
– Damu ya mtu mzima wa afya: 7.35 hadi 7.45
– Maji ya bahari: 8 na kidogo
– Maji ya magadi: 10 au zaidi

Tazama damu. Mwili unailinda isitoke kwenye nafasi hiyo nyembamba, kwa maana ikitoka mtu anaugua vibaya. Mimea nayo ina nafasi yake, ingawa ni pana kidogo.

4. UDONGO WETU

Hapa kwetu kuna udongo wa aina mbili kuu. Upande wa juu kuelekea Thika tunao udongo mwekundu, ule wa kahawa. Kwa miaka mingi mvua imeosha kalisi na magnesi kutoka ndani yake na kuacha asidi. Upande wa chini, kwenye tambarare za kuelekea mto Athi na Kilimambogo, kuna udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye gumboots wakati wa mvua. Huo mara nyingi uko karibu na 7, au hata juu yake, kwa kuwa mvua ni chache na kalisi haijaoshwa.

Kwa hivyo majirani wawili wanaweza kuhitaji matibabu tofauti kabisa. Hata mtu mmoja mwenye vipande viwili!

Mimea nayo ina mapenzi yake. Majani chai na mananasi hupenda asidi, karibu 4.5 hadi 5.5. Ndiyo maana mananasi yanastawi Thika. Kahawa pia huvumilia asidi, ikiwa juu kidogo ya 4.4 inaendelea vizuri. Mahindi hutaka 5.5 hadi 7. Maharagwe, nyanya na sukuma wiki hutaka karibu 6 hadi 7.

Udongo ukishuka chini ya 5.5, mambo mawili hutokea. La kwanza, aluminiamu iliyo kwenye udongo huyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi. Mizizi inabaki mifupi na minene, haiwezi kufuata maji chini, na jua likiwaka siku chache tu mahindi yananyauka. La pili, fosforasi hukamatwa na chuma na aluminiamu, na mmea hauwezi kuichukua. Mahindi yaliyokosa fosforasi hugeuka zambarau.

Sasa rudi kwa yule mama. DAP ni mbolea ya fosforasi na naitrojeni. Alikuwa analipia fosforasi, anaimwaga shambani, na udongo unaifungia kabatini. Tena amonia iliyo ndani ya DAP, bakteria wa udongo wakiibadilisha, huacha asidi. Kwa hivyo kila msimu alikuwa anaongeza kidogo ugonjwa ule ule. Hatusemi DAP ni mbaya. Ni mbolea nzuri mahali pake. Lakini "ongeza DAP" halikuwa jibu.

5. JINSI YA KUCHUKUA UDONGO WA KUPIMA

Kipimo kizuri kinaanzia kwenye jembe. Ukichukua udongo vibaya, hata maabara bora itakupa jibu la uongo.

a) Gawanya shamba kwa aina ya udongo. Mwekundu peke yake, mweusi peke yake.
b) Tembea kwa njia ya kona kona shamba lote. Chimba mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20 hivi.
c) Ruka mahali palipochomwa takataka, palipolala ng'ombe, chini ya miti na kando ya njia.
d) Changanya udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki. Usitumie ndoo iliyobeba mbolea au majivu.
e) Toa nusu kilo, anika kivulini, tia kwenye mfuko safi, andika jina lako, kipande cha shamba na tarehe.

Peleka kwenye maabara ya udongo, kwa mfano zile za KALRO huko Kabete (wengi bado tunaziita KARI, jina lililokuwepo kabla ya sheria ya mwaka wa 2013). Wakulima wa kahawa wana watafiti karibu zaidi, pale Ruiru. Muulize kwanza afisa wa kilimo wa wadi kuhusu bei. Mkienda kama kikundi, nauli inakuwa ya mtu mmoja.

Shule iliyo na mashine ya pH inaweza kupima pia. Chukua sehemu moja ya udongo mkavu uliochekechwa, tia sehemu mbili na nusu za maji yaliyosafishwa, yale ya kuweka kwenye betri (maji, si asidi!). Koroga, ngoja nusu saa, koroga tena, kisha pima. Mashine hiyo lazima kwanza irekebishwe kwa dawa mbili zinazojulikana, ya pH 4 na ya pH 7, kama vile mwenye duka anavyohakikisha mizani kabla ya kupima sukari. Vile vijiti vya bei rahisi vya kuchomeka ardhini, mara nyingi namba yake si ya kuaminika.

Na mashine yenyewe ina historia ya shamba. Mwaka wa 1934, Arnold Beckman wa California aliitengeneza kwa sababu rafiki yake aliyefanya kazi na wakulima wa malimau alihitaji kupima asidi ya maji ya malimau.

6. CHOKAA: KIASI GANI?

Chokaa ya kilimo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Ikikutana na asidi ya udongo, haidrojeni inageuzwa maji, hewa ya kaboni inatoka, na kalisi inabaki kwa mmea. Majivu ya kuni hufanya kazi hiyo pia, lakini nguvu yake ni ndogo na hubadilika kulingana na kuni.

Sasa sikilizeni vizuri. pH peke yake haikuambii magunia mangapi. Fikiria sufuria mbili za chai zenye utamu sawa, moja ya kikombe kimoja, nyingine ya harusi. Ukionja, ulimi hauoni tofauti. Lakini ukitaka kuongeza utamu, ya kikombe itatosheka na kijiko kimoja, ya harusi itakula kilo nzima. Udongo wa mchanga ni kikombe, udongo mzito wa mfinyanzi ni sufuria ya harusi, kwa sababu umeficha asidi nyingi ndani yake. Vyote vinaweza kusoma pH 5. Ndiyo maana maabara hufanya kipimo kingine cha kujua kiasi cha chokaa. Fuata karatasi yao, usifuate jirani.

Mwaga chokaa mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, uichanganye na udongo. Kwa mvua ndefu, hiyo ni Januari au Februari. Usiichanganye siku moja na samadi mbichi au DAP, maana naitrojeni itapotea hewani, ile harufu kali ya amonia. Na usizidishe. Udongo ukipita 7, chuma na zinki nazo hufungiwa, na majani yanakuwa manjano.

7. TAHADHARI NYUMBANI

Asidi ya betri ikikurukia, osha na maji mengi ya kutiririka, angalau dakika 20, kisha nenda hospitali. Usipake magadi juu ya ngozi, zikikutana hutoa joto. Tena usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

(Funika majibu kwanza.)

1. Shamba A ni pH 5, shamba B ni pH 7. Asidi ya A ni mara ngapi ya B?
2. Lita 1 ya asidi kali ya pH 3 imeongezwa maji safi hadi lita 10. pH sasa ni ngapi?
3. Boza la asidi kali ya pH 4 limechanganywa na boza la asidi kali ya pH 6. Je, pH ni 5?

Majibu:

1. Mara 100. Hatua mbili, kumi mara kumi.
2. pH 4. Maji yamekuwa mara 10, kwa hivyo sifuri moja imeongezeka. Lakini angalia: huwezi kuongeza maji mpaka asidi igeuke alkali. Itakaribia 7, haitapita.
3. Hapana! Boza la kwanza lina gramu 1, la pili lina gramu 0.01. Jumla ni gramu 1.01 katika maboza mawili, karibu nusu gramu kwa kila boza. Hiyo ni nusu tu ya asidi ya pH 4, nayo ni pH 4.3. Namba za pH hazigawanywi kwa mbili kama shilingi.

MWISHO

Yule mama alipima vipande vyake viwili. Cha juu, chekundu, kilikuwa 4.8. Cha chini, cheusi, kilikuwa 7.4. Kumbuka alikuwa tayari kununua chokaa ya vyote viwili. Cheusi hakikuhitaji hata kijiko, na chokaa ingekiharibu. Pesa hizo alinunua samadi.

Hatutawadanganya kwamba msimu wa kwanza ulileta muujiza. Chokaa hufanya kazi pole pole, na mvua haimsikilizi mtu. Lakini alipong'oa mche mmoja kutuonyesha, mizizi ilikuwa mirefu na yenye nywele, na majani yalikuwa ya kijani. Akasema, "Sasa angalau najua ninalipia nini."

Kabla ya mvua ijayo, wenye mashamba jirani wakutane, wachukue udongo wao siku moja, na wampe kijana mmoja wa sekondari kazi ya kuandika namba kwenye daftari. Yeye atajifunza kemia, nanyi mtajua shamba lenu.